Oili ya gia na kulanti kwa pikapu kuukuu ya dizeli: mwongozo kamili kutoka Kigoma

Gia ya pili ndiyo iliyonifundisha. Nilikuwa napandisha kutoka Mwandiga kwenda Manyovu, Hilux ya zamani yenye injini ya dizeli iitwayo 3L, nyuma kumejaa mifuko ya saruji. Nikatoa gia ya tatu nitie ya pili, giaboksi ikanijibu krrrr, sauti ya mtu anayesaga mawe. Siku tatu kabla, gari lilitoka gereji kubadilishwa oili. Niliporudi mjini nikamuuliza fundi ameweka oili gani. Akasema kwa kujivuna kabisa, "Kaka, nimekuwekea mia na arobaini, ileile wanayoweka kwenye malori. Hiyo gari haitakusumbua tena."

Fundi hakuwa na nia mbaya. Aliamini, kama wengi wetu tunavyoamini, kwamba oili nzito ni oili nzuri, na kwamba oili ya gia ni moja tu: unaitia kwenye giaboksi, inayobaki unaimalizia kwenye difu, zile gia za kwenye ekseli zinazogawa nguvu kwa tairi. Na kwenye rejeta, maji ni maji, kulanti (kimiminika cha kupozea injini) ya nini? Imani hizo zimeua pikapu nyingi hapa Kigoma kuliko hata barabara zetu. Nimeandika mwongozo huu kwa mwenye Hilux, Isuzu, Nissan, Land Rover au pikapu nyingine ya dizeli ya miaka ya 80 na 90, anayetaka kwenda dukani akijua anachokitafuta.

Anza na kibati, usianze na duka

Fungua boneti. Kwenye Toyota za zamani kuna kibati cha chuma, mara nyingi kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha dereva. Kimeandikwa modeli (mfano LN106), aina ya injini, na mstari wa giaboksi na ekseli. Kipige picha kwa simu. Kama kitabu cha gari bado kipo, ambacho kwa magari yetu ni bahati ya mtende, picha ya ukurasa wa vilainishi inakutosha.

Haraka hiyo ya kutaka kujua giaboksi yako ni ipi ina sababu. Si kila giaboksi inakunywa oili ya gia. Baadhi ya pikapu za Isuzu za miaka ile zimeandikiwa oili ya injini kwenye giaboksi, nyepesi kabisa. Land Rover yenye giaboksi ya LT77 imeandikiwa haidroliki, ile nyekundu ya ATF, ya giaboksi za otomatiki. Ukitia oili ya gia ya 90 humo, asubuhi gia zinagoma kama punda, na fundi atakuambia klachi imeisha. Utanunua klachi bure.

Halafu jua kama difu yako ya nyuma ni ya kawaida au ni ile inayobana, inayozuia tairi moja kuzunguka peke yake kwenye tope. Zuia tairi za mbele kwa magogo, weka gia nyutro, shusha hendibreki, inua nyuma nzima kwa jeki na uweke stendi imara. Usilale chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Zungusha tairi moja kwa mkono. Ile ya pili ikizunguka kinyume, difu ni ya kawaida. Ikizunguka upande uleule, ni ya kubana, na hiyo inataka oili iliyoandikwa LS au "Limited Slip" kwenye kopo. Ukiitilia ya kawaida, ukikata kona utasikia nyuma inagugumia na kurukaruka.

GL-4 na GL-5: herufi ndogo zenye maneno makubwa

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, kwa hiyo nitakaa kidogo. GL-4 na GL-5 ni madaraja ya oili ya gia, yanaandikwa kwenye kopo.

Kwenye difu, jino la pinioni (gia ndogo inayosukuma) halikutani na jino la kraun (gia kubwa inayosukumwa) ana kwa ana. Pinioni imekaa chini ya katikati ya kraun, kwa hiyo meno yanakutana huku yanateleza, yanasuguana kwa nguvu kubwa mno, hasa ukiwa na tani moja nyuma kwenye mlima. Utando wa kawaida wa oili hukatika pale. Ndiyo maana oili ya difu hutiwa dawa ya salfa na fosforasi. Joto la msuguano likipanda, dawa hiyo hushikana na chuma na kutengeneza ngozi nyembamba inayochakaa badala ya jino lenyewe. Harufu ile kali ya oili ya difu, ile isiyotoka kwenye nguo hata ufue mara tatu, ni salfa.

Oili ya GL-5 ina dawa hiyo kwa wingi. GL-4 ina karibu nusu yake. Sasa kwenye giaboksi kuna vipete vya shaba njano vinavyoitwa sinkronaiza. Kazi yake ni kushika gia inayozunguka na kuisawazisha mwendo kabla meno hayajaingiana. Hushika kwa msuguano, kama kiatu cha breki. Oili ikiwa telezi kupita kiasi, kipete hakishiki kwa wakati, na meno yanagongana: ndiyo ile krrrr yangu. Zaidi ya hapo, salfa kali ikipata joto kwa muda mrefu huila shaba.

Niseme ukweli wote. Vitabu vya Hilux za wakati ule vimeruhusu GL-4 au GL-5 kwenye giaboksi, na GL-5 nyingi za siku hizi salfa yake imetulizwa isile shaba haraka kama zamani. Kwa hiyo aliyetia GL-5 hajatia sumu. Asikimbie kuimwaga usiku. Lakini kwa giaboksi yenye kilomita laki tatu, ambayo vipete vyake tayari vimelika, mimi natia GL-4 na sitii nyingine. Kwenye difu ni kinyume chake, wala hakuna mjadala: GL-5 tu. Kutia GL-4 kwenye difu ya gari la mzigo ni kununua kraun na pinioni kabla ya siku yake.

Utakutana na makopo yaliyoandikwa GL-4/GL-5 kwa pamoja. Hayo yachukulie kama GL-5.

Uzito: namba zisikutishe

80W-90 maana yake oili hii ikiwa baridi inatiririka kama ya 80, na ikipata moto inabaki na uzito wa 90. Herufi W inahusu baridi ya nchi zenye theluji. Kwetu, ambako asubuhi ya Juni ndiyo mtu anavaa sweta, namba inayotuhusu ni ile ya mwisho.

Watu wengi wanadhani 90 ya gia ni nzito mara mbili kuliko 40 ya injini. Sivyo, vipimo vyake ni tofauti. Gia ya 90 ikiwa ya moto ina uzito unaokaribiana na oili ya injini ya 40 hadi 50. Ni kama debe na kilo. Lakini 140 ni nzito kweli kuliko zote hizo. Kwenye giaboksi ndogo ya pikapu inachelewesha vipete, inafanya gia ngumu asubuhi, na inakula dizeli kwa sababu injini inakoroga uji kutwa nzima.

Kwa Kigoma na Tabora, hivi ndivyo ninavyonunua. Giaboksi: 75W-90 ya GL-4, nisipoipata 80W-90 ya GL-4. Transfa ya Hilux (giaboksi ndogo ya fowili): ileile ya giaboksi. Difu ya nyuma na ya mbele: 80W-90 ya GL-5. Ile 85W-140 ya GL-5 naiweka kwenye difu ya nyuma tu, tena ya gari linalobeba mzigo mzito kila siku kwenye joto, au difu iliyoanza kuchakaa ambayo mwenyewe anajua kwamba anaisogeza tu. Stelingi ya pawa hutumia haidroliki ya ATF, na hiyo haina uhusiano na habari hizi.

Tahadhari moja: ukiuziwa gari ambalo difu yake haiungurumi kabisa, fungua boliti, chovya kidole. Ukikuta oili nzito kama asali, au umekuta unga wa mbao uliochanganywa humo, unajua kwa nini iko kimya.

Dukani

Nunua kopo lililofungwa, ambalo ukifungua kizibo kile kipete chake kinakatika mbele yako. Angalia alama ya ubora ya TBS, namba ya toleo, na kama maandishi ya lebo yamepinda au rangi imefifia, liache. Oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa inaweza kuwa nzuri, ila hujui pipa lile lilikuwa na nini wiki iliyopita. Ya kupimiwa naitumia kupaka bawaba za mageti.

Ukimwambia muuzaji "nipe oili ya gia" atakupa anayotaka iishe. Mwambie kwa ukamilifu: "Naomba themanini dabliyu tisini, GL-4, lita nne." Akisema "zote sawa, mzee," mshukuru na uende duka la pili.

Kubadilisha, hatua kwa hatua

Endesha gari kilomita kumi hivi ili oili ipate moto na uchafu uelee. Simamisha sehemu tambarare kabisa. Gari likiinama, kipimo chako kitadanganya.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu hulala njiani: fungua boliti ya kujazia kwanza, ile iliyo ubavuni, kabla hujagusa ya kumwagia iliyo chini. Magari haya yana miaka thelathini, na boliti ya kujazia huenda haijafunguliwa tangu Japani. Ukimwaga oili yote halafu ukagundua kwamba ya kujazia imeganda na pembe zake zimelika, umebaki na gari lisilo na oili na lisilo na tundu. Kwenye Toyota mara nyingi spana 24 inatosha. Tumia ya boksi, si ya mdomo, na usafishe tope kuzunguka boliti kwa brashi ya waya ili mchanga usiingie ndani.

Mwaga kwenye beseni jeupe kama unalo. Uipeleke nje juani, uisome. Oili nyeusi ni ya kawaida, imezeeka tu. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya boliti, kama wanja, nao ni wa kawaida. Ukiona vimeremeta vya njano kwenye oili ya giaboksi, hivyo ni vipete vya sinkronaiza vinaondoka. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole ni jino au beringi, na gari hilo halipaswi kwenda Kibondo wiki hii. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji.

Na hii ya maji, kwetu ni ugonjwa wa kila masika. Difu ikiwa ya moto, ukaitumbukiza ghafla kwenye maji ya Luiche au mto wowote uliofurika, hewa iliyomo ndani inapoa na kujikunja, na difu inavuta pumzi. Juu ya ekseli kuna kipumulio kidogo chenye kofia. Kikiwa kimezibwa na tope, pumzi ile inapita kwenye sili za ekseli (raba zinazozuia oili isivuje) pamoja na maji. Kwa hiyo kila ukibadilisha oili, ng'oa kipumulio, kioshe kwa dizeli, kipulize mpaka kofia yake icheze. Waliobahatika kupata mpira mwembamba huunganisha kipumulio na kuupandisha mpira mpaka juu ya chasisi. Kazi ya nusu saa, na mimi sijaona maji kwenye difu tangu niifanye.

Rudisha boliti ya chini ikiwa na washa mpya, kile kipete cha kuzuia kuvuja. Jaza kwa pampu ya mkono, au kwa chupa na mpira mrefu utingo akiwa amesimama juu. Giaboksi ya Hilux ya fowili huchukua lita tatu hadi nne hivi, difu ya nyuma lita mbili na kitu, lakini kipimo halisi ni tundu lenyewe: jaza mpaka oili ianze kurudi nje kwenye tundu la kujazia, iache ichuruzike yenyewe hadi ikome, funga. Usizidishe kwa kuinua upande mmoja wa gari. Oili ya ziada hutoka kwa kupasua sili, na kwenye ekseli ya nyuma sili ikipasuka oili inaishia kwenye viatu vya breki.

Kilomita ngapi? Gari la lami na mzigo wa wastani, mimi hubadilisha kila 40,000. Gari la vumbi, tope na tani moja kila siku, 20,000. Gari lililoogelea mtoni, wiki hiyohiyo.

Kulanti: kwanza, maji

Watu wa pwani wanajua kwamba maji ya chumvi huua rejeta. Sisi wa Kigoma tunatazama ziwa, tunaona maji maangavu mpaka samaki wanaonekana chini, tunachota kidumu pale Kibirizi na kumimina. Maji ya Tanganyika ni matamu kwa kunywa, lakini yana madini mengi, hasa magnesi na bikaboneti, na uchachu wake hauko kabisa: yako upande wa magadi, pH inayokaribia 9. Yakichemka na kupoa ndani ya injini kila siku, madini yanajiganda ukutani kama ukoko mweupe ulio ndani ya birika lako. Ukoko huo ni blanketi. Injini inapata moto, mshale unapanda, na rejeta ukiigusa unakuta nusu yake imepoa kwa sababu vijia vyake vimeziba. Tena maji ya aina hiyo huila alumini. Kisima nacho mara nyingi hakina nafuu.

Maji mazuri ni yaliyosafishwa madini. Yanauzwa maduka ya spea kama maji ya betri, na hapo simama kidogo: dukani kuna vitu viwili vinavyoitwa hivyo. Kimoja ni maji safi ya kuongezea betri, kingine ni asidi ya kujazia betri mpya. Nimeshuhudia kijana karibu amimine asidi kwenye rejeta. Soma kopo. Usipoyapata, maji ya mvua yanafaa: acha mvua ya kwanza ioshe bati, kinga ya pili, chuja kwa kitambaa safi. Msimu wetu wa mvua ni mrefu, kuanzia Oktoba au Novemba mpaka Aprili au Mei. Kinga galoni mbili uziweke stoo, zitakufaa Septemba.

Kwa nini basi kulanti, wakati hapa hakugandi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi. Jibu la kwanza ni kutu. Ndani ya injini kuna chuma, alumini, shaba na risasi ya kulehemia, vyote vimezama kwenye maji ya moto. Maji matupu yanavila. Kulanti ina dawa za kuvilinda.

Jibu la pili ni kuchemka. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, Tabora iko kama 1,200. Kadiri unavyopanda, maji huchemka mapema: kwa Kigoma ni kama nyuzi 97, kwa Tabora 96, na ukipanda milima ya Manyovu unapungukiwa zaidi. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu huchemka karibu nyuzi 107 hata bila kifuniko, kwa kipimo cha pwani. Ukiweka na kifuniko chenye mgandamizo, unapita 120.

Kwa hiyo kifuniko cha rejeta ni sehemu ya kulanti. Juu yake kuna namba, kwenye Toyota nyingi ni 0.9. Namba hiyo inakupa nyuzi 20 hivi za ziada kabla ya kuchemka. Raba yake ikikatika, umezipoteza zote, ndiyo maana gari linachemka mlimani na kwenye tambarare halina neno. Na ukikuta asubuhi mpira wa juu wa rejeta umenywea kama chupa iliyonyonywa, kile kivalvu kidogo cha katikati kimeganda. Nunua kifuniko cha namba ileile. Cha namba kubwa zaidi kitakupasulia rejeta kuukuu.

Rangi ni rangi tu

Kijani, nyekundu, bluu, waridi. Hakuna sheria inayomlazimisha mtengenezaji atumie rangi fulani kwa dawa fulani. Ya kijani mara nyingi ni ya aina ya zamani, yenye silikati, na hudumu kama miaka miwili. Nyekundu au chungwa mara nyingi ni ya asidi za kikaboni, inayodumu mpaka mitano. Toyota nyekundu ni aina yake tena, yenye fosfeti. Ukizichanganya, dawa moja huweza kuivuruga nyingine. Wakati mwingine unapata utelezi wa kahawia kama mlenda, na mlenda haupiti kwenye rejeta. Kama hujui kilichomo kwenye gari ulilonunua, usiongeze juu yake. Mwaga vyote.

Kwa injini kuukuu yenye rejeta ya shaba iliyolehemiwa kwa risasi, mimi natumia kijani ya kawaida au nyekundu ya Toyota, na nabadilisha kila miaka miwili bila kujali kopo linaahidi nini.

Kuna kulanti kali ya kuchanganya mwenyewe, na kuna iliyokwisha changanywa. Soma, maana ukiongeza maji kwenye iliyochanganywa umebaki na rangi. Na kuna bidhaa ambazo ni maji yaliyotiwa rangi kweli. Kipimo changu ni cha kienyeji ila hakinidanganyi: nachukua vijiko viwili vya mchanganyiko kwenye kichupa kinachoziba, nakiandika SUMU, nakifunga ndani ya mfuko na kukiweka usiku kucha kwenye friza tupu isiyo na chakula. Nusu kwa nusu halisi haigandi kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, ile ya friza ya kawaida. Ukikuta barafu ya waridi, umeuziwa juisi. Kipimo hiki hakikuambii kama dawa za kutu zimo, kinakuambia tu kama glaikoli, kimiminika chenyewe cha kulanti, imo.

Usizidishe pia. Glaikoli tupu hubeba joto vibaya kuliko maji. Nusu kwa nusu, au kulanti 40 kwa maji 60, ndiyo mipaka yangu.

Kuosha na kujaza

Injini ipoe kabisa. Kifuniko cha rejeta ya moto hakifunguliwi, hata kwa tambara, hata kama una haraka ya kuwahi kivuko. Makovu ya mvuke yapo kwenye mikono ya madereva wengi.

Fungua bomba la chini la rejeta na boliti ya kwenye bloku. Weka hita kwenye moto, kama gari lina hita. Yakiisha, jaza maji safi, washa mpaka mpira wa juu upate moto (hapo themostati, kivalvu kinachozuia maji yasipite mpaka injini ipate moto, imefunguka), zima, subiri ipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe. Usitie sabuni ya unga: povu lake halitoki mwezi mzima. Kama ukoko ni mwingi, dawa ya dukani haitoshi. Rejeta ya shaba mpelekee fundi rejeta aifungue vichwa na kuzibua vijia kwa ubapa.

Themostati usiitupe. Najua, kila gereji ina ndoo ya themostati zilizong'olewa. Bila hiyo dizeli inafanya kazi ikiwa baridi, inakula mafuta na kuchakaa silinda, na kwenye injini ambazo themostati pia huziba njia ya mkato ya maji, kuing'oa kunaleta joto badala ya kuliondoa. Ichemshe kwenye sufuria. Ikifunguka karibu na nyuzi zilizoandikwa juu yake, 82 kwa mfano, ni nzima.

Kujaza kuna ujanja mmoja. Hata ukimwaga vipi, maji ya kuoshea yanabaki kwenye bloku. Kwa hiyo usichanganye kwenye ndoo. Kama mfumo wako unachukua lita 10, mimina kwanza lita 5 za kulanti kali, kisha malizia kwa maji yaliyosafishwa mpaka ijae. Simamisha gari pua ikiwa juu kidogo, kifuniko wazi, washa, minya minya mpira wa juu, utaona mapovu yanatoka na maji yanashuka, ongeza. Mapovu yakikoma na mpira ukapata moto, funga, jaza chupa ya pembeni kati ya alama mbili.

Mapovu yasipokoma hata baada ya nusu saa, au yakitoka kwa nguvu ukikanyaga mafuta, huo ni moshi wa silinda unaovuja kwenye gasketi ya hedi au ufa. Kulanti haitibu hapo. Wala ute wa yai ambao watu humimina kwenye rejeta.

Ukipasukiwa mpira Nguruka na hakuna kitu ila maji ya mto, tia maji ya mto, gari lifike. Ila subiri injini ipoe kwanza, maana maji baridi kwenye hedi ya moto huipasua. Ukifika, osha upya.

Vya kumwaga

Kulanti kuukuu ni tamu mdomoni na ni sumu kali. Mbuzi na mbwa huilamba, na mtoto akiikuta kwenye chupa ya soda ataiona ni juisi. Iweke kwenye kidumu kilichoandikwa, mbali, na usiimwage kwenye mtaro unaoteremka ziwani. Oili chafu ina wateja wake wa nguzo na mchwa; uza, lakini usiimwage.

Baada ya kilomita mia moja kagua tena kila boliti na chupa ya kulanti, gari likiwa baridi. Chupa kushuka kidogo mara ya kwanza si ajabu, ni hewa iliyobaki. Ikishuka kila wiki na chini hakuna tone, tafuta gasketi. Mimi huandika kwa rangi nyeupe ndani ya boneti: tarehe, kilomita, GL-4 kwenye giaboksi, GL-5 kwenye difu, kulanti aina gani, ili fundi wa Kasulu asiyenijua asiniongezee ya kwake.

Gia yangu ya pili ilitulia ndani ya wiki mbili baada ya kumwaga ile mia na arobaini. Ya tatu, ambayo kumbe ilikuwa imelika kabla sijalinunua gari, inakwaruza mpaka leo nikiiharakisha, kwa hiyo nikishuka Manyovu naihesabia moja, mbili, ndipo naitia.